Wimbo Uliobadilishwa Jina

Mwanangu, iko siku moja ambayo hunirudia kila nikisikia magari ya kampeni yakipita na vipaza sauti vyake. Keti hapo karibu na dirisha, mjukuu wangu. Chai haijachemka bado, na haya ninayotaka kukuambia si ya kusikilizwa ukiwa umesimama.

Juzi ulipita hapa umevaa fulana yenye uso wa mtu. Ukaniambia, macho yakikung'aa, "Shosho, huyu ndiye atatuokoa." Sikukujibu. Labda ulifikiri masikio yangu yamezeeka. Nilisikia vizuri. Ni hilo neno la mwisho lililonifunga mdomo, kwa sababu nilikuwa na mume aliyelitamka vile vile, kwa macho yale yale, nami nikaishi nikaona lilichomfanyia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, Kitengela, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Usifikirie Kitengela hii ya maghorofa. Wakati huo ukiiacha barabara kuu tu unaingia uwandani, na asubuhi ungeweza kufungua mlango ukakuta pundamilia wamesimama pale unapoanika nguo. Mvua ikinyesha, udongo ule mweusi ulikuwa unashika kiatu, mguu unatoka peke yake. Maji tulinunua kwa wenye punda. Mimi na Zakayo wangu tulikuwa tumetoka magharibi kwa sababu alipata kazi katika kiwanda kimoja cha saruji upande wa Athi River. Tulikuwa na mtoto mmoja, Neema, na tulikuwa na kanisa letu la mabati, na Zakayo ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya.

Ungemjua ungempenda. Mtu mwembamba, mpole, asiyejua kugombana. Alirudi kazini nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi la saruji, na akiwa bado ananawa uso unamsikia anatafuta sauti ya wimbo mpya. Wimbo wake uliopendwa kuliko zote ulihusu Bwana Yesu akiingia Yerusalemu juu ya punda. Sisi wenye sauti ya kwanza tulianza polepole, kama watu wanaochungulia barabara, halafu wanaume wakaingia, na hapo hata watoto waliacha kucheza wakasimama. Watu walikuja kutoka Isinya kuusikia tu.

Halafu kiwanda kikapunguza wafanyakazi, na Zakayo akawa mmoja wao. Kile kidogo walichompa tulinunulia kiploti nyuma ya kanisa, tukajenga vyumba viwili vya mabati. Hati hatukuwa nayo. Majirani pia hawakuwa nayo. Tuliambiwa itakuja. Zakayo akawa anafanya vibarua vya hapa na pale, na jioni anakaa mlangoni akiangalia moshi wa kile kiwanda kule mbali, haongei. Nakuambia haya ili usimcheke. Mtu aliyekaa hivyo, akija mwenye kumwahidi kitu, moyo unaruka wenyewe.

Na mwenye kuahidi akaja. Jina lake sitalitaja. Amekwisha kufa, na watoto wake hawajanikosea. Sisi tulimwita Mheshimiwa hata kabla hajachaguliwa. Alisema hati za ploti zitatoka. Alisema waliofutwa watarudishwa kazini. Alisema maji yatakuja kwa mabomba. Lakini wengi walikuwa wanasema hayo. Huyu wetu alijua kulia. Akizungumza juu ya shida zetu, sauti inakatika, anatoa leso, anafuta macho, na mkutano mzima unalia naye. Zakayo alirudi kutoka mkutano wa kwanza akanishika mikono yote miwili. "Mama Neema," akasema, "Mungu amemtuma. Huyu ndiye atatuokoa."

Wiki ile Mchungaji alikuja nyumbani. Alikuwa kijana bado, mwenye bidii, na nadhani kwa moyo wake aliamini anafanya kazi ya Mungu.

"Zakayo," akasema, "Mheshimiwa ataabudu na sisi Jumapili. Nataka ule wimbo wa Yerusalemu."

"Nitauandaa, Mchungaji."

"Lakini pale unaposema 'Masihi anaingia', weka jina la Mheshimiwa. Ni siku moja tu. Watu waone kwamba Mungu ametukumbuka."

Nilidhani Zakayo angekataa. Ule wimbo alikuwa anaushika kama mtu anavyoshika mtoto mchanga. Akaangalia mlangoni, kule kwenye moshi. Kisha akasema, "Sawa."

Jumamosi tukafanya mazoezi. Nyuma ya kanisa alikuwa ameketi mama mmoja mzee wa Kimaasai, Kokoo Naisiae. Kokoo ni bibi kwa lugha yao, na kanisa zima lilimwita hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa mama wa maombi, mwenye kuongoza sala za akina mama. Alibatizwa akiwa mtu mzima, baada ya kuzika watoto wawili, na alikuwa haombi kwa kelele. Tulipomaliza kuimba, wengine wakitoka, akaniita.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikaitikia, kama alivyokuwa amenifundisha.

"Mama Neema, hii wimbo mimi naijua. Lakini leo iko na mtu mwingine ndani."

"Ni ya siku moja tu, Kokoo. Ni heshima kwa mgeni."

"Mgeni tunampa maziwa. Mgeni tunampa kiti. Hii mnampa si ya mgeni. Huyo mtu wenu, alikufa kwa ajili yangu siku gani?"

Nilianza kukunja leso yangu, naikunjua tena.

Akanivuta nikae. "Usifikiri nawacheka," akasema. "Sisi pia tulikuwa na wetu. Wakati ile shamba yetu ya pamoja inagawanywa, kulikuja mkubwa mmoja. Tulimchinjia dume. Mimi ndiye niliimba mbele ya wamama wote, nikasema huyu ndiye mvua yetu, huyu ndiye mlinzi wetu. Alisema wazee waweke kidole kwa wino, yeye atalinda shamba. Mzee wangu akaweka. Shamba yote mpaka ile kilima ikaenda. Mzee wangu alikufa akiangalia waya za watu wengine mahali baba yake alikuwa anachunga."

"Pole, Kokoo."

"Sikasiriki na yule mkubwa. Alikuwa mtu tu, na mtu anafanya kazi ya mtu. Mimi nakasirika na ile siku niliimba kama yeye si mtu. Enkerai ai, mtoto wangu, mpigieni kura kama mnataka. Lakini rudisheni jina mahali pake."

Nilimpelekea Zakayo maneno hayo. Alisikiliza, akatabasamu kwa huzuni. "Kokoo ni mzee," akasema. "Aliumizwa na mtu mbaya. Huyu wetu ni mtu wa Mungu." Na mimi, kusema kweli, nilitaka iwe hivyo.

Basi Jumapili ikafika. Akina mama walitandika leso zao za kujifunga kiunoni tangu barabara kuu mpaka mlango wa kanisa, na gari la Mheshimiwa likapita juu yake. Vijana walikuwa wamekata matawi kule mtoni. Zakayo aliinua mikono, tukaimba, na pale pa "Masihi" tukaweka jina la mtu yule, na watu wakapiga vigelegele mpaka mabati yakavuma. Mchungaji akamketisha kwenye kiti kikubwa karibu na madhabahu, akampaka mafuta kichwani, akamwita Musa wetu. Akatuambia tupige magoti. Tukapiga. Kokoo Naisiae peke yake alibaki ameketi, shuka lake limefungwa begani, mikono mapajani. Hakufanya fujo yoyote. Aliketi tu. Wiki iliyofuata Mchungaji akamwondoa katika uongozi wa akina mama, akisema ana roho ya upinzani. Kokoo akahamia benchi la nyuma, na hakukosa ibada hata moja.

Mheshimiwa akashinda. Tulicheza barabarani mpaka viatu vikakatika. Halafu tukaanza kungoja. Mwanzoni tulingoja kwa furaha, baadaye tukangoja kwa kumtetea. Jirani akiuliza hati ziko wapi, Zakayo anamjibu, "Mpeni nafasi, hata Musa alichukua muda." Mabomba hayakuja. Kazi haikurudi. Wakaja watu wa kupima ardhi, wakaweka vigingi katikati ya ploti zetu, na Zakayo akasema hiyo ndiyo dalili ya hati.

Asubuhi moja likaja tingatinga, na askari nyuma yake. Wakatuambia tuna muda mfupi tu wa kutoa vyombo, ardhi ina mwenyewe. Watu walipiga mayowe. Zakayo hakupiga mayowe. Alivaa koti lake la kanisani. "Mheshimiwa hajui," akaniambia. "Kuna mtu anamchezea nyuma ya mgongo wake. Leo yuko Kajiado. Akijua atasimamisha." Akatafuta gari la kumpeleka, akaniacha na Neema nikitoa sufuria.

Yaliyotokea Kajiado alinieleza mara moja tu. Alimkuta Mheshimiwa akitoka katika mkutano kwenye ofisi za wilaya, amezungukwa na watu. Mheshimiwa alipomwona akacheka kwa furaha, akampa mkono.

"Mwimbaji wangu! Ule wimbo wenu sijausahau."

"Mheshimiwa, wanabomoa. Sasa hivi ninavyosema, wanabomoa nyumba zetu."

"Najua," akasema Mheshimiwa.

Hilo tu, mwanangu. Najua. Akampigapiga begani, akamwambia maendeleo huwa na uchungu wake, akamwelekeza kwa karani, akaingia kwenye gari. Kioo kikapanda. Baadaye tulikuja kusikia kwamba aliyechukua ardhi ile alikuwa mtu wa nyumbani kwake.

Zakayo aliporudi, nyumba ilikuwa mabati yaliyokunjamana. Nilikuwa nimeketi juu ya godoro, Neema amelala mapajani. Alisimama pale na koti lake la kanisani, vumbi likimpanda, na kwa mara ya kwanza nikaona mume wangu ni mzee.

Kokoo Naisiae ndiye aliyekuja na punda wake wawili. Hakusema neno hata moja la "niliwaambia". Alibeba godoro upande mmoja, mimi upande mwingine, akatupeleka kwake upande wa Isinya, tukakaa katika chumba alichokuwa anawekea ngozi na vibuyu. Nilipata kazi ya kuchuma maua katika shamba la karibu. Zakayo alimsaidia mama yule na mbuzi. Kimwili tuliishi.

Lakini Jumapili ya kwanza nilivaa, nikamvalisha Neema, Zakayo akabaki ameketi.

"Huendi?"

"Siendi."

"Zakayo, aliyetuumiza ni mtu. Si Mungu."

Akanijibu maneno ambayo sijawahi kuyatoa moyoni. "Nilitoa jina la Yesu, nikaweka lake. Kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa nikijaribu kuimba lile la kwanza, linatoka na ladha ya lile la pili. Siwezi kuyatenganisha tena, Mama Neema."

Unaona, hapo ndipo wizi wenyewe ulipokuwa. Ploti ni ploti. Watu wengi wamepoteza ploti wakaendelea kusali. Zakayo alikuwa amewafunga wawili hao kamba moja, mtu na Mungu, na mtu alipoanguka, Zakayo akawapoteza wote wawili.

Mchungaji alikuja kumwona. Akasema Mungu ana makusudi yake. Zakayo akamsindikiza mpaka kwenye lango la miiba, akamuaga kwa heshima, akarudi kwa mbuzi. Kokoo yeye hakumhubiria kabisa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kidonda ikiwa mbichi haiguswi na kila mkono." Jioni alikuwa anampelekea maziwa ya mgando, wanakaa wote wawili nje wakitazama mifugo ikiingia, na kabla ya kunywa yeye anasema sala yake fupi kwa Kimaasai. Zakayo anavua kofia. Hasemi amina, lakini anavua kofia.

Miaka ikaenda hivyo. Tukarudi kupanga chumba Kitengela. Uchaguzi mwingine ukapita, nchi nzima ikalia kwa furaha, watu wakakumbatiana na wasiowajua. Zakayo hakutoka nje. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, labda ni lile vumbi la kiwandani. Kisha ukaja ule uchaguzi uliotugeuza wanyama. Unayajua yale mambo, umeyasoma. Sisi tuliyaona. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi waliacha kusalimiana. Hata kanisani tuliketi kila kabila upande wake, na kila upande ulikuwa na mkombozi wake, na wote tulikuwa tunasoma Biblia moja.

Mchana mmoja tulisikia kelele barabarani. Kundi la vijana, na rungu, na panga, walikuwa wanaelekea nyumba za upande wa pili kufukuza watu. Walikuwa wanaimba. Nilitambua ule wimbo kabla sijasikia maneno. Ulikuwa wimbo wa Zakayo, mwanangu. Ule wa Yerusalemu. Sauti ile ile, wamebadilisha jina tena, wameweka la mkubwa mwingine, mkubwa zaidi. Wengi wao walikuwa watoto wadogo siku ile ya leso na matawi.

Nilimtafuta Zakayo chumbani, hayupo. Alikuwa ameshatoka, miguu mitupu, anakohoa, amesimama katikati ya barabara mikono ameinua, kama anavyoinua mbele ya kwaya.

"Nyamazeni!" akasema. Na kwa namna ambayo siielewi mpaka leo, wa mbele wakanyamaza. "Huo wimbo ni wangu. Niliutunga mimi. Na ni wa Yesu. Ni wa Yesu peke yake! Nirudishieni."

Mmoja akacheka. Mwingine akamsukuma, "Toka hapa, mzee," Zakayo akaanguka chali, na kundi likapita likimkanyaga nguo. Lakini walipita kimya. Hawakuurudia ule wimbo. Sitakudanganya kwamba waligeuka nyuma. Walienda wakafanya walichoenda kufanya, na jioni moshi ulionekana upande ule. Majuma yakapita, na wale wakubwa wawili, ambao majina yao yalikuwa yanaimbwa, wakapeana mikono wakatabasamu mbele ya kamera. Waliochomewa nyumba waliangalia hayo wakiwa kwenye mahema.

Zakayo hakupona ule mwanguko. Kifua kilizidi, tukampeleka hospitali Kajiado, na mvua ndefu zilipoanza akaniacha. Kanisani hakuwahi kurudi. Sijui kama alimalizana na Mungu wake. Hakuniambia, na mimi nikaogopa kumuuliza, na hilo ndilo linaloniamsha usiku. Nilicho nacho ni ile siku ya barabarani. Baada ya miaka yote hiyo ya kimya nililisikia jina la Yesu mdomoni mwake, na lilitoka safi.

Wakati wa mazishi Mchungaji alinijulisha kwamba mbunge mpya angependa kuja kusema machache. Nikamwambia, "Mchungaji, mume wangu amesikia hotuba za kutosha. Mwache alale." Akainamisha kichwa. Nadhani alielewa. Kokoo Naisiae ndiye aliyeomba, kwa Kimaasai, akiwa ameshika jeneza kwa mkono mmoja, na tukampeleka Zakayo kwao magharibi.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa nikija. Sikukatazi kupiga kura. Amka mapema, simama kwenye foleni, chagua. Ukishachagua, muulize yule mtu maswali, na akikosea umwambie kwamba amekosea, na akikataa kusikia umwondoe kwa kura ile ile. Mwombee pia, kwa sababu ni mtu, anaogopa, anatamani, anadanganyika kama mimi na wewe. Ila magoti yako usimpe. Machozi yako ya sala usimpe. Lile neno ulilosema juzi, la kuokoa, usilitoe mahali pake, kwa sababu ukilitoa huenda siku moja utalihitaji, ulitafute usilipate. Na akikuvunja moyo, kwa kuwa siku moja atakuvunja, usimlipishe Mungu makosa ya mtu aliyeketishwa kwenye kiti Chake. Na yule jirani yako anayempenda mkubwa mwingine, usimchukie kwa ajili ya watu ambao kesho watakunywa chai pamoja, bila yeye na bila wewe.

Hayo ndiyo yangu. Njoo niweke mkono kichwani kwako.

Mungu wa Zakayo, asiyeomba kura kwa mtu, akulinde. Akupe kazi, na nyumba isiyobomolewa. Akupe macho ya kumwona mtu kama mtu, na moyo usioona aibu kusali. Ukidanganywa, na usipoteze imani. Ukipoteza, na ikutafute yenyewe mpaka ikupate, hata kama ni katikati ya barabara. Amina, mwanangu. Amina.